Chuo cha Jiolojia Huchaguliwa kwa Miguu

Dirisha la KUCCPS, shirika la serikali ya Kenya linalogawa nafasi za vyuo, lilipofunguliwa, mpwa wangu wa Mambrui alikwenda saiba moja hapa Malindi mjini kuomba nafasi ya chuo. Alikijua anachokitaka. Tangu mdogo, wenzake wakiokota simbi ufuoni, yeye alikuwa akichota ule mchanga wa Mambrui unaometameta na kuuliza kwa nini unameta. Basi akaandika "ardhi" kichwani mwake na kuketi mbele ya kompyuta. Majina yakamwagika: jiolojia, jiofizikia, sayansi ya ardhi, jiografia, jiomatiki, uhandisi wa migodi, sayansi ya mazingira. Kijana wa saiba, mwenye foleni ya watu mlangoni, akamwambia: "Dada, zote hizo ni za ardhi. Chagua moja tutume."

Hakuchagua. Alifunga mkoba akaja kwangu, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ukooni niliyesoma mambo hayo, na riziki yangu naipata kwa kupima mahali pa kuchimba visima.

Nilimsifu kwa kuondoka. Tulikaa barazani hadi adhana ya magharibi, na mengi niliyomweleza ndiyo haya ninayoyaandika. Wazazi wengi wa Malindi, Lamu na Magarini hulipia fomu kabla hawajaelezwa kilichomo ndani ya majina. Jambo nililomkariria kuliko yote ni kwamba kwa fani hii, kabla ya sifa za chuo, uliza mwanafunzi atakaa siku ngapi nje, juu ya miamba yenyewe, na nani atalipa.

Majina kwanza

Majina haya hutengana vizuri ukiyapeleka Marafa. Korongo la Nyari lililo pale analijua kila mtu wa huku. Wagiriama wanasema maana yake ni mahali palipojivunja penyewe, na wazee husimulia juu ya watu matajiri waliokuwa wakioga maziwa mpaka Mungu akawadidimiza. Watalii huja jioni kupiga picha zile kuta nyeupe, za waridi, za rangi ya chungwa na nyekundu.

Mwanajiolojia akisimama ukingoni pale huuliza: mchanga huu uliletwa na nini? Tabaka lipi lilitangulia? Mbona mvua imeuchimba hapa na kuuacha kule? Mtu wa jiofizikia hana haja kubwa na ukuta. Atachomeka vyuma ardhini, apitishe umeme, apime jinsi ardhi inavyouzuia, kisha akuambie chini ya miguu yako kuna nini kabla hujagusa jembe. Mhandisi wa migodi anauliza kama humu kuna kitu cha thamani kitatolewaje, kwa gharama ipi, bila ukuta kuwaangukia vibarua. Yule wa jiomatiki ndiye tunayemwita seveya: atapima kina, upana na mipaka, aitoe ramani ambayo hata mahakama itaikubali. Wa jiografia atazunguka kijijini kuuliza watu wanalima wapi na utalii umewaletea nini. Wa mazingira atataka kujua mashamba ya jirani yatakuwaje korongo likizidi kutanuka.

Wote wamesimama mahali pamoja, na hakuna anayeweza kufanya kazi ya mwenzake kwa cheti alichonacho.

Jina linalosumbua zaidi ni hili la sayansi ya ardhi. Ni mwavuli. Chini yake unaweza kukuta jiolojia kamili, au jiolojia nusu na hali ya hewa nusu, au mchanganyiko wa maji, bahari na udongo. Si kwamba ni baya. Tazama mto Sabaki: unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukiungana na Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu unatema tope jekundu baharini. Pepo za kaskazi zikivuma, tope husukumwa kusini mpaka ghuba ya Malindi, na ndiyo sababu miezi ya watalii maji ya mbele ya mji huwa kama chai ya maziwa. Kusi ikiingia, tope hugeukia kaskazini. Ufuo wa Malindi umetanuka kwa mchanga huohuo. Mtu wa kulielewa jambo hilo lote, kuanzia mmomonyoko wa Ukambani hadi matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyotengwa mwaka 1968, anahitaji jiolojia, upepo, mikondo na viumbe. Huyo ndiye mtu wa sayansi ya ardhi kwa maana pana. Lakini mpwa wangu alitaka mawe, na mwavuli mpana unaweza kumwacha na mawe ya mihula miwili tu.

Kwa hiyo usisome jina, soma orodha ya masomo ya miaka yote minne. Shahada ya jiolojia ya kweli ina somo la madini, la miamba ya aina zote tatu (ya moto, ya mashapo na miamba geu), la mikunjo na nyufa, la mpangilio wa matabaka, la visukuku, jiokemia, jiofizikia, maji ya chini ya ardhi, na uchoraji wa ramani za miamba. Ukikuta orodha isiyo na uchoraji wa ramani za miamba, hiyo ni shahada nyingine iliyovaa kanzu ya jirani.

Na majina huhama. Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye jiolojia ya siku nyingi pale kampasi ya Chiromo, kiliiunganisha idara hiyo na ya hali ya hewa, na leo inaitwa idara ya sayansi za ardhi na tabianchi. Anayetafuta "Idara ya Jiolojia" anaweza kudhani imefungwa, kumbe shahada ipo.

Cheti kitakufungulia mlango upi

Hapa wengi huumia, na huumia kimyakimya, miaka minne baadaye. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Wanajiolojia ya mwaka 1993, yenye bodi yake. Wahandisi nao wana Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 na bodi yao, ambayo hukagua kozi za uhandisi na kuzikubali au kuzikataa. Uhandisi wa migodi husomwa miaka mitano, jiolojia minne. Mwenye shahada ya jiolojia hawezi kugonga mlango wa bodi ya wahandisi akitaka kuitwa mhandisi. Mwenye jiografia naye hatasajiliwa kuwa mwanajiolojia hata awe amepanda majabali ya nchi nzima.

Kwa nini usajili ujalishe mtoto wa miaka kumi na minane? Kwa sababu sahihi ndiyo mkate. Chukua kazi yangu. Ukitaka kuchimba kisima kirefu shambani kwako Ganda au Goshi, Mamlaka ya Rasilimali za Maji itataka ripoti ya upimaji wa maji ya chini ya ardhi kabla haijakupa kibali, na ripoti hiyo haitiwi sahihi na yeyote tu. Ujuzi bila sahihi unakufanya msaidizi wa mwenye sahihi. Nimewaona wenye vipaji wakibeba mashine za wenzao kwa sababu hiyo.

Basi kabla ya kutuma fomu piga simu mara mbili. Ya kwanza iende idarani: je, waliohitimu kozi hii husajiliwa na bodi gani? Ya pili iende kwa bodi yenyewe, kuuliza swali hilohilo. Majibu yakitofautiana, amini bodi.

Vyuo vyenyewe havifanani kwa kusudi. Mwenye kutaka migodi yupo karibu na Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichojijengea jina kwa uhandisi wa uchimbaji na uchakataji wa madini, tena kimekaa katikati ya nchi ya vito. Jomo Kenyatta kule Juja nacho kina uhandisi huo. Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi ya jotoardhi, jambo la maana katika nchi ambayo Olkaria imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu 1981. Nairobi ni ya jiolojia pana, na Bonde la Ufa liko mlangoni: Magadi na Olkaria unakwenda na kurudi siku moja. Kwa wasioogopa mpaka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere vimefundisha jiolojia kwa miongo mingi, na Dodoma kuna Chuo cha Madini kwa anayetaka kuanzia stashahada. Ukivuka mpaka hakikisha kwanza shahada itatambuliwa ukirudi, na kwa maandishi.

Wazazi wetu wengi huuliza kwanza Chuo Kikuu cha Pwani, kwa kuwa Kilifi mtoto atakuja nyumbani kila Ijumaa. Nawaelewa. Ila chuo cha karibu kinafaa pale tu ambapo kozi unayoitaka iko kwenye orodha yake. Ukichukua kozi ya jirani yake kwa sababu nauli ni ndogo, nauli utailipa baadaye kwa njia nyingine.

Siku za nje

Sasa nifike penyewe, na mnisamehe nikikaa hapa kidogo.

Panda gari Malindi, shika njia ya Sala uingie Tsavo Mashariki mpaka Voi. Ni safari ya siku moja. Unapoanza, uko juu ya jiwe la matumbawe, mwamba uliokuwa hai yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Ni jiwe lilelile la kuta za Gede. Unapanda kidogo, unaingia mchanga mwekundu, ndugu wa ule wa Marafa. Unakwenda, unakuta udongo mgumu na chokaa za zama ambazo mijusi mikubwa ilitembea duniani. Mbele yake, miamba ya mchanga ambayo wanajiolojia wa dunia nzima wanaiita kwa majina yetu: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru. Nimesoma karatasi za watafiti wa Ulaya wakiandika "Maji ya Chumvi" bila kutafsiri, nikacheka peke yangu. Halafu Galana, na upande wa pili ule ukuta mrefu wa uwanda wa Yatta, lava iliyomwagika na kuganda kwa masafa ya karibu kilomita 300. Ukifika Voi uko juu ya miamba geu iliyopikwa na kukunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ile inayotoa vito.

Kwa siku moja umepita kurasa nyingi za kitabu, kwa mpangilio wake. Hakuna slaidi ya kukuonyesha hayo. Mwamba una harufu baada ya mvua, una uzito mkononi, unavunjika kwa namna yake ukiupiga nyundo. Mwanafunzi aliyekwenda mara moja akiwa mwaka wa kwanza, akarudi mwaka wa tatu na dira na daftari, akachora ramani yake mwenyewe mwaka wa nne, huyo ni mwanajiolojia. Aliyeonyeshwa picha ubaoni amesoma habari za jiolojia.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa tatu safari kubwa ya nyanjani ilifutwa; tuliambiwa pesa za basi hazikupatikana. Tukapewa picha na zoezi la darasani, tukapata alama nzuri kabisa. Miaka miwili baadaye nilikuwa kazini, nikapima mwinamo wa tabaka na kuandika kwenye ripoti yangu ya kwanza kwamba linainama kwenda mashariki. Fundi wa mashine ya kuchimba, mzee ambaye shule aliiacha darasa la saba, akanivuta kando na kunong'ona: "Bwana mdogo, dira umeishika kinyume." Kweli. Kisima kingechimbwa upande usio na maji. Alinisitiri, Mungu amlipe, lakini lile somo lilistahili kufundishwa na mhadhiri, si na mtu wa kisima mbele ya mwenye shamba.

Kwa hiyo uliza, na uulize kwa namba. Siku ngapi za nyanjani katika miaka minne yote? Katika mwaka upi? Zimo ndani ya karo, au mwanafunzi atachangishwa? Ramani ya mwaka wa nne anaichora mwenyewe, au watu kumi kwa karatasi moja? Na hili usilisahau: safari ya mwisho iliyofutwa ilikuwa lini? Swali la mwisho usimuulize mtu wa ofisi. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Ukoo wa mtu wa Pwani haukosi mtoto wa jirani aliye chuoni. Yeye atakwambia basi lilifika au halikufika.

Dada yangu alikuwa na lake moyoni. Mtoto wa kike, wiki tatu Turkana au Baringo, mahemani, na huenda ikawa Ramadhani. Sikumcheka. Nilimwambia amuulize mkuu wa idara waziwazi: wasichana hulala wapi, kuna mwalimu wa kike katika msafara, na mwenye kufunga hupangiwa vipi. Siku hizi wasichana ni wengi katika fani hii, na idara inayojua kazi yake ina majibu tayari. Ile inayobabaika imejijibu.

Hadubini, na msalaba wa Vasco

Baada ya kuokota jiwe, linaletwa maabara. Linakatwa na kusagwa hadi liwe kipande chembamba sana cha milimita 0.03, chembamba kuliko unywele wa watu wengi, kiasi kwamba mwanga unapita. Kikitazamwa kwa hadubini maalumu, jiwe la kijivu hugeuka kioo cha msikiti: rangi za madini moja moja, na kila moja lina dalili yake.

Mfano uko kwenye rasi yetu. Nguzo ya Vasco da Gama, ambaye alitia nanga hapa mwaka 1498, wengi huiona ni kitu kimoja. Ile nguzo nene ya chini ni mawe ya matumbawe ya hapahapa; msalaba wa juu ni jiwe la chokaa lililoletwa kutoka Lisbon. Yote mawili ni chokaa. Kwa macho ya mbali huwezi kuyatenganisha baada ya karne za chumvi na upepo. Chini ya hadubini ungeona nyumba za vijidudu vya matumbawe katika moja, na katika jingine chembe za bahari ya zamani sana isiyo yetu.

Basi ukitembelea chuo omba kuonyeshwa maabara hiyo, ukahesabu. Hadubini zinazofanya kazi ni ngapi, na darasa lina watu wangapi? Kama wanafunzi kumi hugombea moja, kila mmoja atachungulia dakika tano na kunakili mchoro wa mwenzake. Pia kuna mashine ya kukatia mawe? Ikiwa imefunikwa turubai lenye vumbi, umeshajua. Kompyuta za kuchorea ramani na kusoma picha za setilaiti nazo ni muhimu, ila programu nyingi za kazi hiyo leo zinapatikana bure, kwa hiyo hapo chuo maskini hakina udhuru na chuo tajiri hakina cha kuringia.

Alama na pesa

Hili nitalipita haraka, kwa kuwa kanuni hubadilika na mtandao wa KUCCPS ndio wenye neno la mwisho. Shahada inataka C+ kwenda juu. Klasta, yaani alama za kushindania kozi, hujengwa kwa masomo manne, kila moja pointi 12, jumla 48, kisha huchanganywa na matokeo yako yote. Katika jiolojia tegemea hisabati, fizikia na kemia. Kemia wengi huidharau wakadhani mawe hayana kemia, na madini ni nini kama si kemia? Ile namba ya mwaka jana unayoiona mbele ya kozi haikuwekwa na mtu: ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyeingia. Mwaka huu inaweza kushuka au kupanda kufuatana na walioomba. Kwa bahati njema jiolojia haigombewi kama udaktari, na mtoto mwenye alama za wastani mzuri anaweza kuipata katika chuo kizuri.

Kuhusu ada, mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, wenye mgawanyo wa msaada, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na mchango wa familia, umeshafikishwa mahakamani, kwa hiyo usipige hesabu kwa karatasi ya mwaka juzi. Tafuta na basari ya kaunti na ya eneo bunge. Ongeza bajeti ambayo haiandikwi popote: viatu vya kupanda miamba, nyundo, kofia, lenzi ya mkononi, na pesa za chakula cha siku za nje.

"Aende akavunje kokoto?"

Hayo ni maneno ya dada yangu. Kwake mtu wa mawe ni yule anayekaa timboni akikata mawe ya matumbawe kwa shoka, kama wale wa Maweni kisiwani Manda ambao mawe yao yamejenga Lamu. Kazi ya heshima, lakini hakumsomeshea mtoto hiyo.

Nikamwambia tuanzie Lamu basi. Mji ule unakunywa nini? Maji ya visima vya Shela, chini ya yale matuta ya mchanga. Mvua huingia mchangani na kukaa kama dafu linaloelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu maji matamu ni mepesi. Kanuni yake ni ya ajabu: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Geuza hesabu. Ukivuta maji kupita kiasi ukashusha uso wake kwa mita moja, chini chumvi inapanda kwa mita 40. Ukijenga hoteli juu ya matuta au ukazoa mchanga wake, mji utakunywa chumvi. Mtu wa kukaa na kaunti na kusema "visima viishie hapa, jengo lisipite pale" ni mwanajiolojia wa maji, na pwani yote kuanzia Kiunga hadi Vanga inamhitaji.

Bandari ya Lamu ilipoanza kupokea meli Mei 2021, kulikuwa kumeshapimwa mashapo ya chini ya bahari ili kujua yatachimbika vipi na yatabeba uzito gani. Mradi wa Lamu wa umeme wa makaa ya mawe, uliofutiwa leseni na jopo la rufaa za mazingira mwaka 2019, ulibishaniwa pia kwa hoja za maji, majivu na ardhi. Pande zote mbili za mabishano kama hayo huita wataalamu.

Upande wa pili wa shilingi nao niliuweka wazi. Mafuta ya Lamu yamekuwa ndoto ndefu. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ilikuta gesi katika kisima cha Mbawa baharini, haikutosha kuuzwa. Kisima cha Mlima cha kampuni ya Eni, miaka kama kumi baadaye, nacho hakikuleta biashara. Mgodi wa titani wa Kwale, uliochimba mchanga ambao ni ndugu wa ule wa Marafa, ulianza kusafirisha mali nje 2014 na kufikia mwisho wa 2024 ukafunga kazi, mali imekwisha. Anayechagua chuo kwa sababu "Lamu kuna mafuta" anacheza bahati nasibu. Anayesoma misingi kwa upana, miamba, maji, upimaji, anaweza kuhamia jotoardhi mgodi ukifungwa, au visima jotoardhi ikisimama. Ndiyo maana sikumshauri mpwa wangu achukue kozi nyembamba mno katika shahada ya kwanza. Ubingwa wa tawi moja ungoje shahada ya uzamili.

Kabla ya kutuma

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Marafa saa nane mchana, si jioni ya watalii. Nilitaka jua limchome. Nikampa daftari na penseli, nikamwambia achore ukuta mmoja tu, ahesabu matabaka, aandike lipi gumu na lipi laini, kisha anikisie kwa nini. Mimi nikakaa kivulini na madafu mawili.

Alitokwa jasho mpaka buibui likamganda mgongoni. Baada ya saa nzima akaja na mchoro mbovu na swali zuri: mbona tabaka lile jeupe linakuwa jembamba upande wa kushoto na kisha linapotea kabisa, maji yaliyolileta yaliishia pale? Sikumjibu. Nilimwambia hilo alipeleke chuoni.

Wiki ile alipiga simu zake. Daftarini aligawa ukurasa safu mbili, siku za nyanjani na hadubini, na majina ya vyuo pembeni. Chuo kimoja chenye jina kubwa kilibaki na mistari mitupu, kwa kuwa kila aliyepokea simu alimpeleka kwa mwingine. Kingine, ambacho hakuwa akikiwazia, mhadhiri mwenyewe alimpigia, akamtajia safari za kila mwaka na akamwambia kwa uaminifu kwamba ya mwaka jana ilipunguzwa siku mbili kwa sababu ya mafuriko.

Siku moja kabla dirisha halijafungwa alirudi saiba ileile. Mama yake aliandamana naye, akasimama nyuma ya kiti akitazama kioo cha kompyuta bila kusema. Fomu ilipokwenda, dada alinipigia simu kuniuliza jambo moja tu: hivyo viatu vya kupandia miamba vinauzwa wapi Malindi, na vya namba 38 vinapatikana?